Kitanda cha Meneja

Ukitaka kumuudhi Mama Sponji, mwambie kochi lake ni gumu. Mwambie amezeeka, atakuuliza wewe unatumia dawa gani ya ujana, maana haijafanya kazi. Mwambie ana maneno mengi, atakushukuru. Lakini useme kochi lake ni gumu! Hapo ataacha mkasi, atakushika mabega, atakukalisha mwenyewe mpaka magoti yako yawe juu kuliko tumbo, kisha atasimama mbele yako mikono kiunoni: "Haya, sema tena." Hajatokea wa kusema tena.

Jina hilo alipewa na wateja, naye akalipokea kwa mikono miwili. Karakana yao ilikuwa uani, nyuma ya nyumba, chini ya paa la bati, na kila mtu alikuwa na himaya yake. Mumewe, seremala, alikaa upande wa mlangoni na mbao zake, akikata na kuunga fremu. Yeye alikaa upande wa ndani, kati ya marobota ya sponji, makopo ya gundi na vitambaa. Katikati yao, kwenye cherehani, alikaa wifi yake, dada wa seremala, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kushona foronya za makochi, na ya pili kutia chumvi habari zote zilizoingia uani. Fremu ikitoka kwa seremala ilikuwa mifupa mitupu. Ikitoka kwa Mama Sponji, mgeni akiikalia alisahau kuaga.

Seremala mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache. Wengine walidhani ni hulka yake. Wifi alisema alizaliwa na maneno yake ya kutosha kabisa, ila alipooa mke akayachukua yote. Mama Sponji hakukasirika, alisema ndoa ni kugawana. "Sisi wawili ni kochi moja," alipenda kuwaambia wateja, akimwonyesha mumewe kwa mkasi. "Yule ni ugumu, mimi ni ulaini. Bila mimi angekuwa anauza viunzi." Na seremala, penseli sikioni, alitabasamu, akapuliza vumbi la mbao, akaendelea na kazi yake.

Na pale uani kulikuwa na Meneja. Huyu alikuwa mbwa jike, mwembamba wa miguu, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na moja limelala. Hakuna aliyemleta. Aliingia siku moja kwa miguu yake, akapita kati ya makochi akinusa kila fremu, akatazama huku, akatazama kule, akachagua kona nzuri kuliko zote akajilaza. Wifi akasimamisha cherehani. "Jamani, meneja mpya kafika. Tuchape kazi, asije akatufukuza." Jina likamganda. Tangu siku ile hakuna kochi lililotoka nje ya geti bila Meneja kulinusa, na Mama Sponji alimpenda bila kificho. Alimwita mwanangu hata mbele ya watoto wake wa kuwazaa, ambao walishaoa na kuolewa na kwenda zao, na walipolalamika aliwajibu, "Nyinyi mmeondoka. Huyu yupo."

Basi Meneja akapata mimba. Na hii ilikuwa ya pili.

Ile ya kwanza ilikuwa haizungumzwi. Alizaa bila mtu kujua, msimu wa baridi, juu ya lundo la mabaki ya sponji lililokuwa pembeni ya karakana, mahali alipopenda kulala. Asubuhi walimkuta analizunguka lundo, analia kwa sauti nyembamba, anafukua. Watoto watatu, wote wamekufa. Seremala ndiye aliyepiga magoti akawatoa, mmoja baada ya mwingine, akaenda kuwazika nyuma ya ukuta. Mama Sponji hakuweza hata kusogea. Alishika tama akalia kilio cha kweli kweli, mpaka wifi, ambaye hakuwa rafiki wa mbwa, akafunga cherehani siku nzima.

Lakini kilichomkata maini hakikuwa vile vifo. Ni Meneja mwenyewe. Siku nyingi baadaye bado alikuwa akitafuta. Alinusa chini ya kila kochi, akaingiza pua katika kila upenyo, hata katika kikapu cha nyuzi cha wifi. Kisha alikuja kukaa mbele ya Mama Sponji, akamtazama usoni, akangoja. Utamwambia nini mbwa anayekuuliza hivyo? Mama Sponji aligeuza uso ukutani. Akajiapiza moyoni kwamba akizaa tena, hatamwona Meneja akitafuta hivyo.

"Ni baridi iliyowaua," alisema. "Baridi, na kulala kwenye takataka kama hana kwao." Alilisema hilo mara nyingi. Seremala alimsikia kila mara, na kila mara aliinama kuchukua kitu chini.

Kwa hiyo safari hii, tumbo la Meneja lilipoanza kuning'inia na chuchu kuvimba, Mama Sponji alikunja mikono ya gauni. Alimpigia simu daktari wa mifugo, akamuuliza kila kitu. Daktari akamwambia: atafutiwe mahali pakavu, penye joto, pasipo na upepo wala kelele. Azoeshwe mapema. Ziwepo taulo safi na maji karibu. Akisukuma kwa muda mrefu bila kitu kutoka, nipigieni. Mama Sponji akajibu ndiyo daktari, sawa daktari. Kuhusu matandiko hakuuliza. Mama Sponji amuulize mtu habari za matandiko? Ingekuwa aibu.

"Baba Watoto," alimwambia mumewe, "nitengenezee fremu ya kitanda. Mwanangu safari hii anazaa kama malkia."

Seremala alikitengeneza kwa siku kadhaa, kati ya kazi moja na nyingine, na hakumwonyesha mtu mpaka kilipokwisha. Lilikuwa sanduku pana lisilo na mfuniko. Ukuta wa mbele ulikuwa mfupi, mama aweze kuuruka bila kuburuza tumbo. Sakafu ilikuwa ya mbao zilizopigwa randa mpaka zikateleza, bawa la inzi lisingekwama. Na ndani, kuzunguka kuta zote, seremala alikuwa amepigilia reli ya ubao, juu kidogo ya sakafu, nayo haikugusa ukuta bali ilisimama mbali nao kwa upana wa kiganja.

Mama Sponji alikizunguka mara mbili. "Hiki kitanda au zizi?"

"Kitanda."

"Na hii reli?"

"Iache."

"Ya nini? Anafungiwa ng'ombe?"

Seremala akatoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. Kwake hiyo ilikuwa dalili ya hotuba ndefu. "Mama akiegemea ukuta," alisema, "mtoto apate pa kupita."

"Mtoto apite!" Mama Sponji alicheka hadi akashika kiuno. "Mtoto wa mbwa, macho hata hayajafunguka, apite aende wapi? Anakwenda sokoni?"

Wifi alianguka juu ya cherehani yake kwa kicheko. "Mwache apite, wifi! Labda anatumwa chumvi!"

Seremala naye akacheka kidogo, kwa adabu, akarudi kwenye mbao zake. Alipotoka kwenda kunawa, Mama Sponji alichukua nyundo akaing'oa ile reli yote. Si kwa ubaya, msimfikirie vibaya. Iliharibu umbo. Utavisha vipi ukuta sponji na reli imetokeza katikati?

Sasa mpishe afanye kazi yake. Sakafuni aliweka sponji nene kuliko ile ya makochi ya wateja, laini, ile ambayo ukiweka kiwiko huioni tena. Kuta alizivisha sponji ya inchi mbili, akazipiga vifungo kwa mstari kama migongo ya makochi ya maofisini. Juu ya yote akatandika mahameli ya rangi ya zambarau, akaibana kwa stepla, pini kwa pini, bila kuruka nafasi. Wifi alilazimishwa kushona mito miwili yenye marinda. Alilalamika tangu uzi wa kwanza hadi wa mwisho, lakini marinda aliyatoa sawasawa.

"Mbwa huyu analala pazuri kuliko mimi," alisema.

"Nawe zaa, nitakutengenezea."

Mwalimu mmoja aliyekuja kuulizia viti vyake, ambavyo vilikuwa havijaguswa, alikiona kile kitanda akasahau viti. Aliuliza kinauzwaje. Mama Sponji alijibu kwamba hicho ni cha mwenyewe, mwenye likizo ya uzazi, akamwonyesha Meneja aliyelala kwenye saruji akihema. Mwalimu akaondoka bila viti na bila kukasirika. Mama Sponji alipiga mluzi siku ile yote.

Kulikuwa na kasoro moja tu. Meneja alikikataa kitanda.

Alikinusa, ndiyo, kama alivyonusa kila kilichotoka pale uani. Akaingia. Miguu yake minne ikazama, akayumba, akazunguka, akaanza kuparura mahameli kwa kucha za mbele kama anayetafuta kitu chini yake. Kisha akatoka, akaenda kujitupa kwenye saruji, pembeni kabisa, akakiangalia kwa jicho la pembeni.

"Mwanangu, unanidharau?" Mama Sponji alisema, na kwa kweli aliumia. Alikuwa ameishi kwa kukalisha watu, na hajawahi kuona mtu akiinuka hivyo.

"Meneja amekagua mzigo, ameukataa," alisema wifi. "Rudia kazi, fundi."

"Atazoea. Hajalelewa vizuri, ndiyo maana. Kitu kizuri kinataka mazoea."

Akawa anamvuta kwa vipande vya nyama. Meneja alipanda, akala, akashuka. Alipanda, akala, akakaa kidogo, akashuka. Mwishowe, kwa heshima ya nyama au ya Mama Sponji, akakubali kulala mle mchana, ingawa kila mara kabla ya kulala aliparura. Mama Sponji akatangaza ushindi. Seremala alipita, akasimama, akalitazama lile sanduku lililovishwa na kuta zisizo na reli. Akafungua mdomo. Akamtazama mkewe, ambaye uso wake wote ulikuwa umejaa furaha. Akafunga mdomo, akaenda kufagia maranda.

Asubuhi ambayo mambo yalianza, seremala hakuwepo. Alikuwa amekwenda na gari la kukodi kupeleka makochi ya mteja. Meneja alikataa chakula, hata nyama. Alihema mdomo wazi, mwili ukimtetemeka, akatembea kutoka kona hadi kona, akaenda kunusa ile kona ya zamani iliyokuwa na lundo, akarudi. Maziwa yalikuwa yameanza kumtoka. Mwishowe alipanda kwenye kitanda, akaparura kwa nguvu zake zote, akajilaza kwa kishindo.

"Leo ni leo," alisema Mama Sponji. Alipanga taulo. Alichemsha maji, ingawa daktari hakuyataja. Alijisikia vizuri, tayari kabisa. Alibakiza kushona vifungo viwili tu kwenye ukuta wa nyuma wa kitanda, vilivyong'olewa na zile kucha, na akataka avimalize kabla kazi kubwa haijaanza. Akatafuta kifuko chake cha vifungo. Kilikuwa kifuko cha kitambaa, kidogo, cha kujaa kiganja, nacho hakikuonekana.

"Wifi, umekiweka wapi kifuko changu?"

"Kifuko gani?"

"Usijifanye hamnazo. Cha vifungo."

"Nikichukue nikakipike? Ulikuwa nacho mwenyewe sasa hivi, umekaa pale kitandani kwa mwanao."

Akatafuta mezani, chini ya meza, mfukoni mwa aproni. Akatazama kitandani, hakuna kitu juu ya mahameli ila mito na Meneja. Akainama, akaingiza mkono chini ya ubavu wa mbwa, taratibu, akipapasa. Mkono ukaingia, ukaingia tena. Kifuko kilikuwa huko chini, kimezama ndani ya sponji, na sponji ilikuwa imekifunika pande zote. Meneja alikuwa amekilalia muda wote huo. Hakukisikia.

Mama Sponji alikitoa, akasimama nacho kiganjani. Alikipima. Akakitazama. Uso wake ulibadilika, na wifi, aliyekuwa tayari na kichambo, akakimeza.

"Vipi?"

Mama Sponji alikifumbata kifuko. Alimwita Meneja ashuke. Akakiweka kifuko juu ya mahameli, katikati, kionekane kabisa. "Panda, mwanangu." Meneja akapanda, akazunguka, akajilaza. Kifuko kikapotea. Hakuna sauti, hakuna chochote. Ilikuwa rahisi mno.

Ndipo alipoiona ile asubuhi ya baridi kana kwamba inatokea mbele yake. Mumewe amepiga magoti kwenye lundo. Na mkono wake, jamani, ule mkono! Alikuwa ameuingiza kwenye sponji mpaka kiwiko. Mama Sponji aliuona siku ile kwa macho yake mawili, na akili yake ikakataa kuuliza kwa nini watoto wachanga wawe kule chini kabisa.

"Haikuwa baridi," alisema.

"Nini haikuwa baridi?"

"Wifi, walizama. Watoto wake walizama kwenye sponji yangu, na yeye akawalalia, na hakujua." Akaketi kwenye ukingo wa kiti kisicho na matandiko. Aliona aibu, na chini ya aibu huzuni, ile ile ya zamani, imerudi na sura nyingine. "Na sasa nimempikia tena kile kile. Kwa mahameli."

Meneja akaguna, ubavu wake ukakaza, ukalegea.

Sasa, yeyote anayemjua Mama Sponji angekwambia: hakuwa mtu wa kukilia kitu kimoja mara mbili. Aliinuka. Alifuta uso kwa aproni.

"Mshushe Meneja. Nipe koleo na bisibisi."

"Mimi nimshike mbwa?"

"Mshike!"

Wifi akamshika. Akashika kwa ncha za vidole, uso ameugeuza, lakini alimshika, akamketisha kwenye taulo. Na Mama Sponji akakivamia kitanda, akatupa mito nje. Alichomeka bisibisi chini ya mahameli akainua, pini zikaruka kama panzi. Mahameli ikachanika, vifungo vikadondoka, sponji ikatoka mapande mapande akaitupa nyuma yake bila kutazama inaanguka wapi. Na zile pini! Alikuwa amezipiga moja kwa moja, bila kubania, kwa sababu hajawahi kubania pini maishani mwake. Kwa mara ya kwanza alijilaani kwa kufanya kazi nzuri.

"Wifi, mahameli yote hiyo," wifi aliugulia.

"Niachie mahameli. Lete lile blanketi jembamba, lile kuukuu, lililofuliwa."

Alipofika kwenye mbao tupu alizipitisha kiganja, sakafu yote, kuta zote, akitafuta pini iliyobaki. Alizipata mbili kwa njia ya kuchomwa, akazing'oa, akafyonza kidole, akapapasa tena. Mbao zilikuwa laini vilevile kama mumewe alivyozitoa. Akatandaza blanketi, akalivuta. Na hapa ufundi wake haukumwacha, maana hakuna aliyejua kukaza kitambaa pale mtaani kama yeye. Alilivuta huku, akapiga pini upande wa nje, akalivuta kule, akapiga. Hakuna mkunjo, hakuna mfuko, hakuna pa mtoto kujificha. Alilipiga kiganja, likalia kama ngoma. Laini kiasi cha kushika kucha ndogo, gumu kiasi cha kukataa kuzamisha hata kifungo. Alikiangusha kimoja kuhakikisha. Kikakaa juu, kikamtazama.

"Sasa reli," alisema, na hapo ndipo alipokumbuka. Reli aliing'oa mwenyewe, akaitupa kwenye kuni. Kwa hesabu yake ilikuwa imeshachemsha maji, huenda ndiyo hayo hayo aliyochemsha asubuhi. Akakimbilia upande wa mumewe kutafuta ubao wowote.

Vipande vya reli ile ile vilikuwa pale, juu ya benchi lake, vimening'inizwa msumarini. Vyote vinne. Vimeokolewa kwenye kuni, vimefungwa pamoja kwa kamba, na misumari yake imenyooshwa na kuwekwa kwenye kopo chini yake, pamoja na vile vigingi vilivyoitenga reli na ukuta.

Mama Sponji alivitazama kidogo tu, kwa sababu Meneja alikuwa ameanza kusukuma. "Shika huku," alimwambia wifi. "Vigingi vya kuachia nafasi viko wapi? Hivi hapa. Mbali na ukuta kwa kiganja. Shika usitikise!"

"Natikisa au unanipiga nyundo?"

Kupigilia misumari si kupiga stepla. Alikipiga kidole gumba, akatamka neno ambalo hatulirudii hapa. Msumari mmoja ulipinda, akauacha hivyo hivyo. Reli ya nyuma ilikwenda upande kama mtu aliyelewa. Lakini aliishika kwa mikono miwili akaitikisa kwa nguvu zote, na haikusogea.

"Panda, mwanangu."

Meneja akaruka ule ukuta mfupi. Alinusa blanketi. Alizunguka mara moja, na Mama Sponji alikuwa ameziba pumzi akingoja kucha. Meneja hakuparura. Alijilaza, akashusha pumzi ndefu, akaanza kazi.

Alizaa mchana kweupe, jua likiwa juu ya bati, na seremala akarudi akamkuta kwenye mtoto wa pili. Hakuuliza kitu. Alisimama mlangoni, akaona mapande ya sponji yaliyotapakaa uani kama manyoya ya kuku aliyenyonyolewa, akaona mahameli iliyoraruka, akamwona dada yake, asiyegusa mbwa, amepiga magoti na taulo, akimsugua mtoto wa kwanza na kumwambia lia basi, lia nikusikie. Akaona reli. Akaja polepole, akakaa kwenye rundo la sponji karibu na mkewe, akazama mpaka magoti yakafika kidevuni.

Walizaliwa watano. Meneja aliwapasulia utando waliozaliwa nao, mmoja baada ya mwingine, akakata vitovu kwa meno, akawalamba hadi wakapiga kelele. Mama Sponji alifanya machache: alifuta hapa, akasogeza pale, akatia moyo kwa sauti ya chini ambayo wateja wake hawakujua kwamba anayo.

Ulipokwisha ule mzigo wote, Meneja alichoka. Aliinuka kidogo, akageuka, akataka kujilaza vizuri kwa kuegemea ukuta wa nyuma. Na nyuma ya mgongo wake, kati yake na ukuta, kulikuwa na mtoto mmoja, aliyejikokota akapotea njia.

Mama Sponji alimwona kabla ya wote. Alitaka kuruka. Mumewe akamshika mkono.

"Ngoja."

Mgongo wa Meneja ulishuka kwa uzito wake wote. Ukafika kwenye ile reli iliyopinda. Ukakoma. Reli ikalia kidogo, ikashika. Chini yake, katika ule upenyo wa kiganja, mtoto alilia, akanyamaza, kisha kichwa chake kidogo kipofu kikaanza kusogea. Aliburuta tumbo kando ya ukuta, akafika kwenye kona, akazunguka, akatokea mbele karibu na miguu ya mama yake, akikoroga hewa kwa pua.

Seremala akauachia mkono wa mkewe.

"Huyo anakwenda sokoni," alisema seremala.

Wifi aliangua kicheko, na Mama Sponji naye, lakini cha kwake kilivunjikia katikati kikawa kilio. Hakujificha. Alikaa pale sakafuni, kidole gumba kimevimba, akalia na kucheka kwa pamoja.

"Ulijua," alimwambia mumewe. "Tangu mara ile. Ulijua ni sponji."

Seremala alijaribu kuinuka kwenye lile rundo, ikashindikana, akabaki. "Nilijua."

"Na mimi kila siku baridi, baridi, baridi, mbele yako! Mbona hukuniambia?"

Alipeleka mkono sikioni. Penseli ilikuwa imedondoka, hakuwa na kitu cha kushika.

"Ulikuwa unalia," alisema. "Kisha ukawa unafurahi."

Mama Sponji akakosa la kusema. Ndiyo, yeye. Wifi alitaka kulitangaza jambo hilo mtaa mzima, akawatazama wale wawili, akaamua kwenda kumwaga maji.

"Siku nyingine," Mama Sponji alisema baadaye, kwa sauti ndogo, "niambie hata kama nalia."

"Sawa." Alinyoosha mkono akaigusa reli ya nyuma, akaupapasa ule msumari uliopinda. "Kesho nitainyoosha hii."

"Thubutu. Ukiigusa utanitambua."

Seremala akaondoa mkono. Ndani ya sanduku, watoto walikuwa wamejipanga kwenye maziwa, wanasukumana. Meneja aliinua kichwa. Alimtazama Mama Sponji usoni, vile vile kama siku zile, na Mama Sponji safari hii hakugeukia ukutani. Kisha Meneja akashusha pua, akawanusa watoto wake mmoja mmoja, kuanzia huku hadi kule. Akawakuta wote, akalala.